Bayasi ya Twin Reverb: Lipia Kipimo Kabla ya Kulipia Valvu

Anayemiliki Fender Twin Reverb ya miaka ya 1970 ana amplifaya ya gitaa yenye sauti safi ambayo si rahisi kuipata kwingine: spika mbili za inchi 12, wati zinazotosha ukumbi mzima, na uzito wa karibu kilo 30 wa kubebwa kila bendi inapohama. Ana pia mashine inayodai matunzo. Valvu zake nne za kutolea sauti, aina ya 6L6GC, huchoka kwa kazi, na kila zinapobadilishwa lazima bayasi ipimwe upya. Kwa fundi anayeijua, kazi hiyo haimalizi saa moja, na vifaa vyake vya kudumu havifiki dola 5. Hata hivyo wapiga gitaa hupoteza mamia ya dola kwa sababu hulipia mambo kinyumenyume. Wanaanza na valvu za kifahari, kipimo kinaachwa baadaye, na mara nyingi hakifanyiki kabisa.

Bei nitakazotaja ni za maduka ya vipuri ya Marekani na Ulaya, kabla ya usafiri na kodi, maana huko ndiko valvu hizi hununuliwa hata na wapiga gitaa wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi. Zipokee kama makadirio ya kukusaidia kulinganisha, kwa sababu hupanda na kushuka.

Kwanza tujue tunacholipia. Ndani ya valvu, kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni. Anodi yenye volti zaidi ya 400 huzivuta, na gridi iliyo katikati huamua ni kiasi gani kipite, kama koki kwenye bomba. Bayasi ni volti hasi inayowekwa kwenye gridi, mara nyingi kati ya 40 na 55 kwa Twin, ili koki hiyo iwe wazi kidogo tu wakati nyuzi zimetulia. Volti hasi zikiwa pungufu, mkondo unazidi, na valvu inaungua polepole hata kama hakuna anayepiga. Zima taa za chumba uangalie: katikati ya bati la kijivu la anodi utaona doa jekundu linalotanuka. Hiyo si ile rangi ya chungwa ya kathodi, ambayo ni ya kawaida. Ukiona wekundu kwenye bati lenyewe, zima mara moja. Volti hasi zikizidi, valvu hudumu lakini sauti hukonda, na noti zinapofifia husikika zikikwaruza.

Kila aina ya valvu ina kiwango cha joto ambacho anodi yake inastahimili. 6L6GC ni wati 30, 5881 ni wati 23, EL34 ni wati 25, na EL84 ni wati 12. Desturi ya mafundi kwa amplifaya kama Twin ni kutovuka asilimia 70 ya kiwango hicho gitaa likiwa kimya. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: zidisha volti za anodi kwa mkondo, upate wati. Ikiwa anodi ina volti 455 na valvu moja inapitisha miliampia 38, hizo ni wati 17.3, yaani asilimia 58 ya 30. Hapo ni pazuri. Kwa volti hizohizo, miliampia 46 ndiyo mwisho. Aliyechomeka 5881 akidhani ni sawa na 6L6GC kwa sababu zinaingia soketi moja, mwisho wake ni miliampia 35 tu. Tofauti hiyo haionekani kwa macho na sikio halitaigundua mapema. Ni mita tu itakayoionyesha.

Watu wengi husikia kwamba bayasi ya moto ndiyo yenye ladha. Kwa anayepiga roki ya kukwaruza, akitaka amplifaya ivunjike sauti mapema, hoja ipo. Kwa gitaa la solo la dansi au rumba, ambapo kila noti inatakiwa itoke safi na ing'ae juu ya bendi nzima, sioni sababu ya kuvuka asilimia 60. Twin ilibuniwa kwa ajili ya usafi huo, na ukishuka kutoka asilimia 70 hadi 58 hutasikia tofauti ukumbini. Utakachokiona ni valvu kudumu zaidi. Kwa bendi inayopiga kila wikiendi, valvu za kutolea sauti hudumu mwaka mmoja hadi mitatu hivi, kwa hiyo miezi ya ziada ni pesa halisi.

Sasa tuingie kwenye amplifaya yenyewe, maana umri wake unabadilisha bei ya kazi. Twin Reverb ilitoka mwaka 1963 ikiwa na paneli nyeusi. Toleo hilo lina potenshomita ndogo kwenye chesisi inayopandisha na kushusha bayasi ya valvu zote kwa pamoja. Kuanzia 1968 paneli ikawa ya rangi ya fedha, na katika nyingi ya hizo potenshomita ileile ikapewa kazi nyingine: inasawazisha upande mmoja na mwingine, lakini haibadilishi kiwango cha jumla. Kwa nje potenshomita hizo hazitofautiani. Mwenye toleo la fedha huzungusha bisibisi, akasikia mvumo ukipungua, akaamini bayasi imekaa sawa, kumbe upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Fundi anaweza kurudisha mpango wa zamani kwa kubadilisha rizista chache na waya mmoja au mbili. Vipuri vya kazi hiyo havifiki dola 3, na ni kazi ya kufanywa mara moja tu. Ukimpelekea fundi Twin ya fedha, muulize swali hili kabla ya jingine lolote: potenshomita hii inasawazisha au inapandisha na kushusha? Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Toleo la wati 135, lililoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea hadi 1982, lina mahitaji yake. Volti za anodi zinapita hata 480, na skrini, yaani gridi ya pili ndani ya valvu, nayo inapata volti karibu sawa na hizo. Si kila 6L6 inayotengenezwa leo inavumilia hali hiyo. Mwenye toleo hili asinunue valvu za bei ya chini kabisa, hata akishawishiwa vipi.

Kuhusu valvu zenyewe, soko ni dogo kuliko majina yaliyoandikwa kwenye maboksi. Zinazotengenezwa leo kwa wingi zinatoka sehemu tatu: kiwanda cha JJ Electronic mjini Čadca, Slovakia, kiwanda cha Saratov, Urusi, na viwanda vya China. Saratov peke yake hutoa valvu zenye majina ya Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol na mengine ya zamani yaliyonunuliwa na kufufuliwa. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa nyingi kutoka nje ya mipaka yake, maduka yaliishiwa kwa wiki chache tu. Biashara ilirudi, lakini bei haikurudi ilikokuwa. Leo seti ya 6L6GC nne za JJ zilizolinganishwa ni kama dola 100 hadi 150. Za Tung-Sol za Saratov hufika 150 hadi 200. Zile za RCA za zamani ambazo hazijatumika, zenye anodi nyeusi, jozi moja tu inaweza kupita dola 300, na Twin inataka jozi mbili.

Valvu hizo za RCA zilitengenezwa vizuri sana, hilo halina ubishi. RCA ndiyo iliyoitoa 6L6 ya kwanza mwaka 1936, na matoleo yake ya miaka ya 1960 yaliweza kufanya kazi kwa muda mrefu ajabu. Lakini anayenunua leo ananunua boksi lililokaa kwenye ghala miongo sita, mara nyingi bila njia ya kujua kama kweli halikutumika, na namba iliyoandikwa kwenye kioo inaweza kufutwa na kuandikwa upya. Kumwambia mpiga gitaa wa bendi atoe dola 600 kwa kitu hicho, kisha akibebe kwenye lori kwenda Morogoro, ni kumshauri vibaya. Dola 120 za JJ zinatosha. Kinachobaki kina mahali pengine pa kwenda, kama nitakavyoonyesha.

Seti iliyolinganishwa ni muhimu kuliko jina. Valvu mbili zenye namba ileile, kutoka boksi moja, zinaweza kupitisha miliampia 35 na 52 kwa volti zilezile hasi. Hiyo ya 52, kwenye anodi ya volti 455, inabeba wati karibu 24, wakati mwenzake yuko kwenye 16. Ya kwanza itakufa mapema, mvumo utasikika, na transfoma ya kutolea sauti itapitisha mkondo usiolingana, jambo linalopunguza besi. Duka linalolinganisha valvu huongeza dola chache kwa kila moja. Zilipe.

Baadhi ya wauzaji hutoa njia ya kukwepa kipimo. Groove Tubes, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979, iliweka valvu kwenye madaraja ya namba 1 hadi 10. Ukiagiza namba uliyokuwa nayo, bayasi itabaki karibu na ilipokuwa. Mesa/Boogie walikwenda mbali zaidi: amplifaya zao nyingi hazina sehemu ya kurekebisha, na valvu zao huwekewa alama za rangi ili mteja anunue rangi ileile. Kwa mwenye Boogie, huo ni utaratibu mzuri. Kwa mwenye Twin ya miaka 50 ni kubahatisha, kwa sababu saketi ya bayasi yenyewe imezeeka na hakuna ajuaye ilikuwa wapi mara ya mwisho. Namba kwenye boksi haijui kwamba kapasita yako imekauka.

Hapo ndipo penye kiini cha gharama. Volti hasi za bayasi hutoka kwenye diodi moja na kapasita ndogo yenye thamani isiyofika dola 2. Kapasita hiyo ikikauka, volti hasi hupungua au kuyumba, na valvu zako mpya za dola 120 zinaungua usiku mmoja katikati ya onyesho. Kadhalika kapasita zinazounganisha sehemu ya kwanza ya amplifaya na gridi za valvu za kutolea sauti: zikivuja, zinapitisha volti chanya kidogo, na mkondo ulioupima amplifaya ikiwa baridi unapanda kadiri inavyopata joto. Kapasita kubwa za kuchuja umeme, zilizo chini ya kifuniko upande wa pili wa chesisi, nazo zina umri wake. Zikiwa bado ni zilezile za kiwandani, zimeshapita muda wao mara mbili au tatu. Seti mpya ni kama dola 40 hadi 70 kwa vipuri. Fundi wa Marekani hutoza jumla ya dola 200 hadi 350 kwa kazi hiyo yote, na dola 50 hadi 100 kwa kupima bayasi peke yake. Kwetu ufundi ni nafuu zaidi na bei ni ya kupatana, lakini vipuri vinagharimu zaidi kwa sababu ya safari.

Nalo suala la safari linahitaji neno. Valvu nne na pakiti ya kapasita hazifiki kilo moja, lakini ada ya kusafirisha boksi dogo haipungui sana hata likiwa jepesi. VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na asilimia 16 Kenya, hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru. Anayeagiza valvu mwezi huu, kapasita mwezi ujao na rizista baadaye analipa safari tatu. Agizeni pamoja. Wapiga gitaa watatu wenye amplifaya za valvu wakiunganisha oda moja, akiba yao inaweza kununua mita ya kupimia.

Njia za kupima zinatofautiana bei na hatari, na hapa ningependa msomaji awe makini sana. Ya zamani ni kupachika mita kati ya katikati ya transfoma ya kutolea sauti na anodi. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya mita, lakini ncha ya waya ikiteleza inakutana na volti 455. Sishauri mtu yeyote aitumie. Ya pili ni adapta ya bayasi: soketi inayokaa kati ya valvu na amplifaya, yenye waya kwenda kwenye mita. Adapta moja ni dola 40 hadi 60, na zile zenye soketi mbili au nne na kioo chake hupita dola 100. Ni njia salama, na inafaa fundi anayepokea amplifaya za aina nyingi. Kwa mwenye amplifaya moja ni ghali bila sababu.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza. Kathodi ya kila valvu, mguu wa 8 wa soketi, imeungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Fundi hukata muungano huo na kuweka rizista ya omu 1 katikati, moja kwa kila valvu. Kwa omu 1, kila milivolti utakayosoma ni miliampia moja, hakuna hesabu. Mita ikionyesha milivolti 38, valvu inapitisha miliampia 38. Kipimo hicho kinajumuisha na mkondo mdogo wa skrini, kwa hiyo mkondo halisi wa anodi uko chini kidogo ya usomaji, na kosa hilo linakuegemeza upande wa usalama. Rizista nne za asilimia 1 hazifiki dola 4. Mwambie fundi azitolee nyaya hadi kwenye vitundu vidogo vya kupimia nyuma ya amplifaya, viwili kwa viwili, pamoja na kimoja cha chesisi. Kuanzia siku hiyo utapima valvu zako bila kufungua chesisi, huku ncha za mita yako zikigusa sehemu ya volti sufuri na nukta. Mita ya dola 30 hadi 60 kutoka kampuni inayoaminika inatosha. Ile ya bei rahisi sana ya sokoni usiitumie kupima anodi, hata kama imeandikwa volti 1000.

Kufungua chesisi ni jambo jingine. Kapasita za kuchuja hubaki na volti mamia baada ya plagi kuchomolewa, na Twin iliyolala juu ya meza bila waya wa umeme bado inaweza kuua. Fundi anayeijua kazi yake huondoa umeme kwenye kapasita hizo kwa rizista ya wati kadhaa, kisha anapima kwa mita kuhakikisha volti zimeshuka, ndipo aingize mkono, na mmoja tu, mwingine ukiwa mbali na chuma. Ukimwona fundi akiparuza kapasita kwa bisibisi ili ipige cheche, chukua amplifaya yako uondoke. Na asiyewahi kufanya kazi ndani ya kifaa chenye volti za namna hii asijifunzie kwenye Twin. Alipie ufundi. 

Suala la umeme wa ukutani haliwezi kuachwa. Twin nyingi zilizoko huku zililetwa kutoka Marekani zikiwa za volti 117. Chache ni za soko la nje, zenye swichi ya kuchagua volti upande wa nyuma. Ya volti 117 inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau VA 500. Masanduku mengi ya kushusha umeme yanayouzwa mijini hayana ethi inayofika kwenye soketi yake ya kutolea, na uwezo ulioandikwa juu yake ni wa matumaini. Isitoshe, transfoma ya ndani iliyobuniwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Anayekusudia kukaa na amplifaya yake miaka mingi afikirie kubadilisha transfoma ya umeme yenyewe. Kampuni ya Hammond ya Kanada ni mojawapo ya zinazotengeneza mbadala wenye nyaya za volti 230 na 240, na bei za namna hiyo huwa kati ya dola 150 na 250. Ni pesa nyingi, lakini hazifiki zile ambazo mwingine anazitoa kwa jozi moja ya RCA.

Umeme unaopanda na kushuka huathiri bayasi moja kwa moja. Tuseme ukutani pana volti 225 saa 1 jioni, mtaa mzima ukipika na kuangalia televisheni, kisha zinafika 245 baada ya saa 6 usiku. Anodi iliyokuwa na volti 440 itakaribia 480. Bayasi hasi nayo hupanda, lakini si kiasi cha kufuta ongezeko lote. Kwa hiyo mtake fundi apime volti za ukutani wakati wa kazi na aache nafasi. Hii ni sababu nyingine ya kukaa kwenye asilimia 55 hadi 60 badala ya 70. Stebilaiza inasaidia, mradi isiwe ya relei inayoruka hatua kubwa, maana kila mruko utausikia kwenye spika.

Kabla ya hayo yote, tazama plagi. Amplifaya nyingi za miaka ya 1960 zilikuja na waya wa pini mbili bila ethi, na ndani yake kuna kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na chesisi kupitia swichi ya nyuma. Mafundi wa Marekani huiita kapasita ya mauti. Ikipiga shoti, nyuzi za gitaa zinakuwa na umeme wa ukutani, na mpiga gitaa akigusa mikrofoni kwa midomo, yeye ndiye waya wa ethi. Kuiondoa na kuweka waya wa pini tatu ni kazi ya dola 10 za vipuri. Hakuna bayasi inayostahili kupimwa kwenye amplifaya ambayo kapasita hiyo bado imo.

Kwa bajeti finyu kuna njia ya kukata gharama ya valvu kwa nusu, na inafanya kazi vizuri. Valvu nne za Twin ziko mbili kwa kila upande. Ukitoa mbili za nje au mbili za katikati, kila upande unabaki na moja, na wati zinashuka hadi nusu hivi. Spika mbili za omu 8 zilizoungwa pamoja hutoa omu 4. Kwa kuwa valvu zimepungua, transfoma sasa inataka omu 8, kwa hiyo tenganisha spika moja pia. Unabaki na amplifaya ya wati 40 hadi 50 inayotaka jozi moja ya dola 50 hadi 75 badala ya seti nzima. Hakikisha spika iliyobaki inaweza kubeba wati hizo, na pima bayasi tena, kwa sababu mzigo ukipungua volti za anodi hupanda kidogo. Kwa kanisa, hoteli au ukumbi wa wastani, hizo wati zinatosha, na sauti bado ni ya Twin.

Wapo watakaouliza kama si bora kuhama kabisa. Vox AC30, iliyobuniwa na Dick Denney kwa ajili ya kampuni ya Jennings ya Dartford, Uingereza, haina bayasi ya kurekebisha. Rizista moja chini ya kathodi hujipangia mambo yenyewe. Valvu zake nne za EL84 ni nafuu, dola 15 hadi 25 kila moja, lakini hufanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake au hata kuuvuka, na huisha haraka. Kwa miaka mitano, tofauti ya gharama ya valvu kati yake na Twin iliyopimwa vizuri ni ndogo. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, haina valvu kabisa, ina sauti safi, na mwenye nayo hahitaji kusoma makala haya. Anayenunua amplifaya ya kwanza ya kazi, mjini ambako hakuna fundi wa valvu, anunue hiyo. Lakini aliye na Twin tayari asiiuze kwa kuogopa bayasi.

Ukiwa na dola 250, basi, anza na waya wa ethi na kuondoa kapasita ya mauti. Fuata kapasita za kuchuja na ya bayasi, kisha rizista nne za omu 1 na marekebisho ya potenshomita kama Twin yako ni ya fedha. Ndipo ununue seti ya JJ, au jozi moja kama pesa zimeisha. Valvu ndogo za 12AX7 ziache zilivyo, maana hudumu zaidi kwa miaka na hazihusiani na bayasi hii. Ukiwa na dola 50 tu, usinunue valvu yoyote. Peleka amplifaya ipimwe na iwekewe ethi. Huenda valvu ulizonazo bado nzima, na kilichokuwa kikikusumbua ni kapasita ya dola 2.

Fender walibandika karatasi ndani ya kila kabati kuonyesha valvu ipi inakaa wapi. Mtake fundi abandike ya pili pembeni yake: tarehe, volti za ukutani wakati wa kupima, volti za anodi, na miliampia za kila valvu kati ya zile nne. Bila namba hizo hutajua mwakani kama bayasi imehama, na fundi mwingine ataanza upya kwa gharama yako. Usimlipe kabla hujaiona karatasi hiyo.